Jibu la Nyumba ya Jokudu

Keji hakupenda kelele, na aliyejua alikotoka asingemlaumu. Alizaliwa kambini, kaskazini mwa Uganda, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita, akakulia katika kibanda cha watu kumi na mmoja. Huyu anakoroma, yule anagombana na mumewe, bibi wa pembeni anasali rozari kwa sauti kubwa ili Mungu asije akasingizia hakusikia. Mama yake alipofariki, Keji akiwa na miaka tisa, wanawake walijaa kibandani wakalia na kuimba mchana kutwa, mmoja akitupa maneno na wengine wakiyadaka. Yule mtoto alikaa kwenye kona ameziba masikio kwa viganja viwili. Hakuna aliyemgombeza. Mtoto aliyefiwa huachiwa mengi.

Aliyemlea baada ya hapo ni dada mkubwa wa mama yake, Jokudu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyetafuna maneno. Jokudu hakuwa na mtoto wake wa kumzaa. Aliuza nyanya na dagaa miaka mingi ili Keji asome, na Keji akasoma kweli, mpaka chuo cha ualimu Eldoret, Kenya. Huko alipenda vitu viwili, Kiswahili na maktaba. Maktaba aliipenda kwa sababu ukutani palikuwa na bango limeandikwa KIMYA, na watu wazima, wenye ndevu zao, walilitii.

Vita vilipokwisha, yeye na Jokudu wakarudi kwao Juba, na Keji alipata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya wasichana huko Kator. Jokudu akapata vyumba viwili si mbali na kanisa kuu, na akairudia kazi yake ya zamani ya kuimba misibani. Usidhani ni kazi ya mshahara. Alipewa sabuni, sukari, pengine kuku, na heshima ambayo hakuna aliyethubutu kumpunguzia.

Hapa inabidi nieleze mila yenyewe, maana bila hiyo utamwona Keji hana kosa. Kijijini kwao maombolezo hayaimbwi na mtu mmoja. Mwimbaji hutupa nusu ya mstari, kisha hunyamaza. Nusu ya pili ni ya anayejibu, na si jibu lolote lile. Kila nyumba ina jibu lake, moja tu, la tangu mababu, linalowekwa kinywani mwa mwanamke mmoja mpaka atakapomkabidhi mwingine. Mwimbaji hana ruhusa ya kulitamka. "Anayetupa na kudaka mwenyewe ni kichaa," Jokudu alikuwa akisema. Na aliamini, kama alivyoamini kwamba mvua hulowesha, kuwa maiti asiyejibiwa hubaki mlangoni, haingii wala hatoki.

Keji alikuwa akiyasikia hayo yote kwa sikio moja. Mtu anayelelewa na mwimbaji hudhani nyimbo zipo tu, kama maji mtoni.

Kisha akaja Lino. Lino alikuwa mtu wa vitabu, mpole, mwenye miwani na mradi. Mradi ulitaka mashairi ya mdomo ya wazee yakusanywe na kufasiriwa, ukurasa wa kushoto lugha ya kwao, wa kulia Kiswahili, ili watoto wa shule wajifunze Kiswahili kwa maneno ya bibi zao badala ya habari za simba na sungura. Ulikuwa mpango mzuri, sitaki kuudharau. Keji, kwa Kibari chake na Kiswahili chake, alikuwa mtu wa kazi hiyo hasa. Lino alimkabidhi kidude cha kurekodia, akamwomba nyimbo ishirini.

"Jambo moja tu, mwalimu," akasema. "Tunahitaji sauti safi."

Hilo Keji hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Siku ya kurekodi alifika kwa Jokudu saa nne asubuhi, akakuta wanawake watatu wazee wamekaa mkekani, wamefunga lawa zao begani, nguo safi za kutokea. Mmoja alikuwa Kiden, mcheshi, mwenye mguu mbovu. Wa pili alikuja kwa sababu Kiden amekuja. Wa tatu aliitwa Yangi, aliyewekewa jibu la nyumba ya Jokudu, mwembamba, lawa yake nyekundu, na alikuwa akikohoa.

"Mama, hawa ni wa nini?" Keji akauliza.

"Wa kujibu," akasema Jokudu.

Keji akakitazama kile kidude, akamtazama Yangi anavyokohoa. Nje palikuwa na jogoo, na juu ya jogoo hakuwa na mamlaka. Ndani alikuwa nayo.

"Mama zangu," akasema, na adabu hakuikosa, "naomba mkapumzike nje kivulini, niwaletee chai. Nataka kwanza sauti ya Mama peke yake. Halafu nitawaita."

Kiden akacheka. "Peke yake? Kidole kimoja hakivunji chawa, binti."

Yangi aliinuka, akashika ukuta, akatoka polepole na kikohozi chake. Jokudu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kisha akamgeukia Keji.

Akaimba. Alitupa nusu ya mstari, akanyamaza, akatazama mlango. Keji akampungia mkono aendelee. Nusu nyingine, kimya, macho mlangoni. Kwenye wimbo wa tatu Keji alisimamisha mashine.

"Mama, malizia mstari."

"Hilo si langu. Waite wenyewe."

"Nitawaita. Tumalize hizi kwanza."

Walimaliza zote ishirini kabla ya adhuhuri, na wa mwisho ulikuwa wa nyumba yao wenyewe. Katikati ya wimbo huo palisikika sauti nje ya mlango, ikabidi Keji ainuke akawanyamazishe. Alipotoka baadaye, amefurahi, kidude mfukoni, mkeka wa kivulini ulikuwa mtupu. Wale wazee walikuwa wamekwenda zao. Chai alisahau kuwapelekea.

Nyimbo alizipeleka mtaa wa Hai Cinema, kwa Babirye, Mganda mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi. Babirye alizihamishia kwenye kompyuta yake, na Keji akawa anakuja kila jioni baada ya shule, anasikiliza, anaandika, anafasiri, na kila penye kelele za nje anaruka mbele. Mistari ilikuwa imekatika yote katikati. Mwanzoni aliweka nukta tatu kila palipokatika. Babirye, aliyekuwa akisikia sauti ile kutwa nzima, hakuweza kujizuia.

"Madamu, hii nyimbo mtu moja tu naimba?"

"Wanaimba wengi."

"Sasa mbona sauti iko moja? Huyu mama naimba kidogo, nanyamaza, naimba kidogo, nanyamaza. Yeye iko nangoja nani?"

"Wewe piga chapa, Babirye."

"Mimi napiga, madamu. Nauliza tu."

Lino naye akapiga simu. Zile nukta, mwalimu, wafadhili watadhani kurasa zimepotea. Wiki mbili zimebaki. Keji akasema atazijaza, na alikusudia kwenda kwa wale wazee, kweli alikusudia. Jumamosi ya kwanza alisahihisha mitihani. Jumamosi ya pili barabara ilikuwa tope tupu. Jumapili, baada ya misa, alikaa na daftari akautazama ule wimbo wa nyumba yao. *Umekwenda na mtungi begani*, alitupa Jokudu, na hapo nukta tatu. Ndipo maneno yakamjia yenyewe: *umetuachia kisima mioyoni.*

Aliyasoma kwa sauti. Yalikuwa mazuri, tusidanganyane. Keji alikuwa na kipaji, na kipaji chake kilikuwa kimekaa miaka kikisahihisha insha za watu wengine. Alijaza na zile kumi na tisa, kisha akatunga na upande wa Kibari ili ukurasa wa kushoto ulingane na wa kulia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu na imepandwa maua pande zote mbili.

Kitabu kilitoka. Lino alisema mstari wa kisima ndio bora kuliko yote. Shule ya Keji ilinunua nakala arobaini, na Keji akawafundisha wasichana wake kuimba kwa zamu, mmoja anatupa, darasa zima linajibu, sauti zimelingana. Watu wakaja kusikiliza. Mwalimu Keji akawa mtu wa kunyooshewa kidole kwa wema.

Wakati wa Kwaresima alimsomea Jokudu kitabu kizima, upande wa Kibari. Mzee alisikiliza kwa makini, mikono mapajani. Uliposomwa mstari wa mwisho, alikohoa kidogo.

"Ni maneno mazuri. Ya nani?"

Keji akasitasita. "Ya wale wanawake."

"Yangi hakusema hivyo."

Keji akakifunga kitabu. Nje kengele ya kanisa ikagongwa, ikamaliza.

"Siku yangu ikifika," Jokudu akasema, bila hasira yoyote, "mtanijibu nini?"

"Nitakwenda kwa Yangi, Mama. Wiki hii hii."

"Nenda."

Wiki hiyo kulikuwa na mashindano ya shule. Yangi alikufa Jumatano ya wiki ya Pasaka, kifua. Keji alituma sukari na rambirambi. Jokudu hakumuuliza tena, na kutoulizwa huko ndiko kulikomuuma Keji kuliko kama angeulizwa kila siku.

Jokudu mwenyewe alifariki mwezi wa Julai, alfajiri, baada ya homa ya siku tatu. Mazishi yalipangwa kesho yake saa nane mchana. Majirani walifunga turubai uani, wanawake wakatandika mikeka, masufuria yakaazimwa. Keji alilia kama mtoto, kisha akanawa uso, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lisiloweza kungoja. Nyumba yao ilikuwa imebaki na yeye tu. Jibu lilikuwa lake, na hakulijua.

Asubuhi ya mazishi alipanda boda mpaka Gudele, ambako Kiden alikuwa amehamia kwa mwanawe. Alimkuta mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha juani.

"Nimesikia," akasema Kiden. "Jokudu. Pole, binti yangu. Umekuja kutafuta jibu."

"Ndiyo, mama."

"Langu ni la nyumba yangu. Lenu lilikuwa kwa Yangi."

"Lakini wewe ulilisikia misibani. Mara nyingi."

"Nililisikia, sikulishika. Jibu la nyumba ya mwenzio ukilishika umeiba. Masikio yetu yamefundishwa kuliacha lipite." Alimtazama Keji kwa muda mrefu. "Siku ile ya mashine, hukujua Yangi alikuja kufanya nini?"

"Kujibu."

"Kukukabidhi wewe. Jokudu ndiye aliyemwita. Yangi alikuwa mgonjwa tayari, alijua, akataka aliache kwa mtoto wa nyumba. Alijiandaa wiki nzima kwa kifua kile. Ukamwambia akapumzike nje."

Keji alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, na sketi yake ya msiba.

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza," akasema Kiden, kwa upole uliokuwa mzito kuliko kofi. Kisha akaongeza, "Lakini alijibu. Jokudu alipotupa wimbo wenu, Yangi alikuwa amesimama mlangoni. Alishindwa kujizuia, akajibu. Ndipo ukaja kutunyamazisha."

Keji aliinua kichwa. Kidude kilikuwa kimewashwa. Hakukizima alipokwenda mlangoni.

Alikuwa Hai Cinema kabla ya saa tano. Babirye alikuwa akifungua mlango wa duka. Alipouona uso wa Keji aliwasha jenereta, akatafuta, akampa kisikilizio kimoja cha sikioni, na kingine akakiweka sikioni mwake mwenyewe.

*Umekwenda na mtungi begani*, akaimba Jokudu. Sauti ile, nzima kabisa. Kisha kimya. Jogoo. Halafu kwa mbali, nyembamba, imepita kwenye mbao za mlango, sauti ya mwanamke anayevuta pumzi kwa shida:

*Mtungi wako ulivuja, lakini*

Hatua za viatu. Bawaba. Kisha sauti nyingine, ya karibu, safi kama Lino alivyotaka, ya upole, ya kimwalimu: "Mama zangu, tafadhali, kimya kidogo."

Basi. Mlango ukafungwa, Jokudu akaendelea na nusu nyingine.

Keji alirudisha nyuma akasikiliza tena. Alisikiliza mara tano, labda mara sita, akiwa amekaza macho kwenye ukuta wa duka. Lilikuwa jibu la namna gani hilo, linaloanza kwa kumwambia marehemu mtungi wake ulivuja? Halikuwa na pambo hata moja. Lilimjua mtu na kasoro yake, likaitaja mbele ya watu, kisha likageuka kuelekea mahali fulani, na huko lilikokuwa likienda hakuna aliyebaki duniani wa kumwelekeza. Na yeye angekuwa amelisikia lote, mpaka mwisho, siku ya msiba wa mama yake, kama si vile viganja viwili.

"Madamu," akasema Babirye, "huyu mama wa mwisho iko nani?"

"Yule anayesema lakini? Anaitwa Yangi. Ameshafariki."

"Hapana. Huyu nanyamazisha watu."

"Ni mimi," akasema Keji.

Babirye akazima mashine. Alimshika Keji mkono, akatoa khanga yake mwenyewe chini ya meza akamfunga kiunoni, maana sketi ilikuwa imejaa vumbi la Gudele. "Twende," akasema. "Mimi nafunga duka. Mtu hapana zika mama yake peke yake."

Makaburini watu walikuwa wengi. Jokudu alikuwa amewalilia wafu wa nusu ya Kator, na wenye wafu wao walikuja. Wasichana wa shule walikuwa wamesimama upande mmoja, arobaini, sare zimepigwa pasi, kila mmoja na kitabu. Hakuna aliyewatuma. Walikuja kwa mapenzi, kwa ajili ya mwalimu wao, na hilo Keji aliliona na kwa dakika moja likampa nguvu.

Kiden alikuwa ameletwa kwa boda na mguu wake ule. Ndiye aliyetupa. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi, ameegemea fimbo, na sauti yake ilikuwa imechakaa lakini haikutetemeka.

*Umekwenda na mtungi begani.*

Akanyamaza. Akamtazama Keji.

Keji alikuwa ameshaamua njiani. Hatamdanganya Jokudu tena. Atasema yale maneno manne aliyoyasikia, atasimama pale Yangi aliposimamishwa, na penye pengo pabaki pengo. Pengine nusu ya jibu la kweli ingemsogeza mzee hatua moja kutoka mlangoni. Akapiga hatua mbele.

"Mtungi wako ulivuja," akasema, "lakini"

Na akanyamaza.

Wazee wachache waliinua vichwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameinama alianza kutikisa kichwa taratibu, kama aliyesikia jina la mtu wa zamani. Kimya kikawa kimya kweli, kile alichokuwa akikitafuta maisha yake yote, na ndani yake Keji akaanza kuomba mtu yeyote, mmoja tu katika umati ule, afungue kinywa akamilishe.

Wasichana wakadhani mwalimu wao amezidiwa na kilio. Wakafanya alivyowafundisha. Wakajibu, arobaini kwa pamoja, kwa Kibari chake alichokitunga Jumapili baada ya misa, sauti zimelingana, safi:

*Umetuachia kisima mioyoni.*

Jibu likakaa. Hilo ndilo lililomvunja Keji, kwamba lilikaa vizuri kabisa. Mtungi wako ulivuja, lakini umetuachia kisima mioyoni. Umati ukaguna kwa kuridhika. Bibi yule aliyekuwa akitikisa kichwa aliendelea kukitikisa, akayameza na hayo. Nyuma yake mzee mmoja alimwambia mwenzake kwamba ndivyo hasa nyumba ile ilivyokuwa ikijibu tangu zamani, yeye anakumbuka.

Kiden alimtazama Keji mara moja, bila lawama, kisha akatupa mstari uliofuata, kwa sababu mazishi hayangoji. Wasichana wakajibu. Akatupa tena, wakajibu tena. Babirye, aliyesimama kando na asiyejua neno hata moja la Kibari, alikuwa akilia kwa jinsi walivyoimba vizuri.

Keji aliona viganja vyake vimeinuka vyenyewe mpaka karibu na masikio. Akaviteremsha, akavishika nyuma ya mgongo wake. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, na kuanzia mwanzo mpaka mwisho hapakuwa na sauti nyingine iliyomjibu Jokudu ila ya Keji mwenyewe, vinywani mwa wasichana wale.